Msaada: insha ya utofauti kwa vyuo vya Marekani, nina mada tatu, nichague ipi?

BintiRangiTatu:
Wakuu heshima kwenu, wakubwa shikamooni.

Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, PCM (fizikia, kemia, hisabati), na nimetoka JKT mwezi wa nane. Naomba vyuo Marekani kupitia Common App, ile fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi. Insha kuu ya maneno 650 nimeshaandika, inahusu fizikia, hiyo haina shida. Kinachonikwamisha ni zile fupi za kila chuo. Karibu zote zinauliza jambo lilelile: umetoka katika jamii gani, imekujengaje, na wenzako huku watapata nini kwako. Moja wamenipa maneno 250 tu.

Mada ya kwanza ni hali ya nyumbani. Mama anauza chapati na maharage Mbagala, nimesoma kwa kuungaunga. Mwalimu wangu anasema hii ndiyo itakayonibeba. Ya pili, kuwa msichana kwenye PCM. Ya tatu naona haina uzito, ila naitaja: tangu kidato cha pili mimi ndiye ninayeandika daftari la kikoba cha mama (kikundi cha kuweka na kukopa) kila Jumapili jioni.

Maombi ya mapema mwisho tarehe 1 Novemba. Nawasilisha.

MzeeWaBukta:
Namba moja, hakuna kujiuliza. Wazungu wanapenda shida. Weka na paa linavuja juu ya daftari.

KalamuNyeusi:
Mzee unampoteza mtoto wa watu. Msomaji wa hizo insha anafungua nyingi kwa siku, na nyingi zimejaa paa linalovuja. Atamhurumia, atafunga faili, atamsahau.

pembe_la_chaki:
Kwani mambo ya utofauti si mahakama yao iliyafuta? Naona mnahangaika bure.

MamaWaColumbus:
Marahaba mwanangu. Nimeishi huku Ohio miaka mingi na wanangu wawili wamepita njia hiyo, kwa hiyo nitaandika kidogo kwa urefu.

Pembe, kilichozuiwa ni chuo kumpa mtu nafasi kwa kuangalia rangi yake. Hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoka tarehe 29 Juni 2023, kesi za Harvard na Chuo Kikuu cha North Carolina. Lakini Jaji Mkuu John Roberts aliandika humohumo kwamba chuo hakikatazwi kuzingatia mwombaji anapoeleza jinsi rangi ilivyogusa maisha yake, mradi maelezo hayo yafungamane na sifa au uwezo wake yeye mwenyewe. Baada ya hapo vyuo vingi viliandika upya maswali yao. Ndiyo maana binti anaulizwa habari za jamii na maisha.

Sasa binti, ukiandika "mimi ni Mtanzania, msichana, wa kipato cha chini", umejaza fomu. Hayo wameshayaona kwenye maombi yako. Na kipato kina mahali pake: vyuo vinavyotumia CSS Profile, fomu ya kuombea msaada wa ada, vitaona hesabu zote za nyumbani humo, na mwalimu wako anaweza kueleza mazingira kwenye barua yake. Usiyatolee maneno 250 uliyopewa kwa tabu.

Mada ya pili siikatai, ila umeieleza kwa sentensi moja, na mtu mwenye la kusema haishii hapo. Ya tatu ndiyo nataka kuisikia. Kwenye hicho kikoba kuna nani na nani? Mliwahi kushindwana? Wewe ulifanya nini?

BintiRangiTatu:
Ahsante mama. Kushindwana kupo, tena kukubwa. Wako wanawake mchanganyiko, Wamakonde, Wazaramo, Wachaga, wengine wanakuja wametoka kanisani. Mkopo ulikuwa unarudi na asilimia 10. Mama mmoja muuza dagaa na wenzake wawili wakasema hiyo ni riba, hawakopi, na siku ya kuvunja kikoba wakakataa faida pia, wakachukua hisa zao tupu. Wengine wakanuna, wakaona wamesemwa. Sanduku lina kufuli tatu, na mmoja wa wenye funguo ni huyo wa dagaa, akaacha kuja. Jumapili hiyo halikufunguka.

Wakazungumza na shehe mtaani. Ikaamuliwa wao wakitaka mtaji, kikoba kinanunua bidhaa yenyewe, mfano gunia la mchele, kisha kinawauzia kwa bei iliyokubaliwa tangu mwanzo, wanalipa kidogokidogo. Mimi nilichora upya kaunta buku, safu zao peke yake, ili pesa ya asilimia 10 isigusane na yao. Jioni ya kwanza mama wa dagaa alisimama nyuma yangu akifuata kidole changu mstari kwa mstari.

Ndiyo hivyo tu, sikuona kama ni jambo.

KalamuNyeusi:
"Ndiyo hivyo tu" anasema! Dada, hiyo insha umeshaiandika hapo juu. Chuo kinataka kujua ukikaa bwenini na mtu asiyefanana na wewe utafanyaje. Umewajibu.

MzeeWaBukta:
Nafuta kauli. Andika hiyo ya kufuli tatu.

MamaWaColumbus:
Hiyohiyo. Kikoba kieleze kwa sentensi moja tu, usianze na historia ya vikoba Tanzania. Anza na Jumapili ambayo sanduku halikufunguka. Usijipe sifa ya kuwapatanisha, suluhisho lilikuwa lao na la shehe. Yako ni zile safu, na uzielezee vizuri maana hapo ndipo akili yako ya PCM inapoonekana. Na usiseme nani alikuwa sahihi.

Ile sehemu ya "utaleta nini" iwe mistari miwili, iguse kitu halisi cha chuo hicho. Ukitaka macho mengine, EducationUSA, watoa ushauri wa serikali ya Marekani kuhusu vyuo vya huko, wako Dar, ushauri wao hawatozi.

BintiRangiTatu:
Nimeelewa, naanza leo usiku. Swali la mwisho: mama wa dagaa nimtaje kwa jina?

MamaWaColumbus:
Jumapili si mnakutana? Muulize mwenyewe. Akikataa, "mama muuza dagaa" anatosha.

pembe_la_chaki:
Na ukimaliza weka rasimu hapa, mimi nitakagua hesabu ya maneno.