Ramani ya milimita, fundi wa futi: naomba ushauri

Wakuu, habari za kazi. Najifunza ujenzi chini ya fundi wa siku nyingi. Ramani inasema chumba 3600, yaani milimita, yeye anasema "weka futi 12." Nikipiga hesabu, futi moja ni sm 30.48, kwa hiyo futi 12 ni milimita 3657 na ushee. Karibu sm 6 zimezidi! Kwenye msingi si ndogo hizo.

Upande wa inchi wa tepu ya kupimia nao, vile vistari 16 vya kila inchi vinanichanganya. Robo naiona, moja ya nane nabahatisha. Mnavisomaje haraka?

Halafu kile chuma cha mwanzo wa tepu kinacheza kidogo. Nimeambiwa kimetengenezwa hivyo makusudi, kufidia unene wake. Nisikigongelee? Na fundi nimwambieje bila kumvunjia heshima?