Nyumba za ufukweni Kigamboni: hili punguzo la masika ni la bei au la huduma?

Wakuu, salaam kutoka Dodoma. Mods, naomba uzi huu msiuhamishie jukwaa la utalii, kule watu wanapongezana tu. Nina hasira na naandika nikiwa nazo.

Kuna biashara imeshamiri pwani, hasa Kigamboni, Dar es Salaam, ukielekea Kimbiji. Mtu ana nyumba yake ya vyumba viwili mbele ya bahari, anaipiga picha, anaitupia mtandaoni, anaipangisha kwa siku. Desemba bei iko juu. Masika yakianza wageni wanapukutika, ndipo anaandika kwa herufi kubwa BEI YA MASIKA, na sisi wa bara tunachangamka. Tena tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, tiketi ya treni ya kawaida 31,000, bahari siyo tena safari ya kuaga ukoo mzima. Ile siku nzima ya kukunja magoti kwenye basi imebaki hadithi.

Basi Aprili hii nikasema na mimi nimpeleke mama watoto akapumzike. Tangazo lilisema bei ya kawaida 200,000, masika 120,000, siku nzima na usiku wake. Umeme ndani, maji ndani, mpishi yupo, ufukwe "binafsi". Tukalala kwa shemeji Mbagala, Jumamosi asubuhi saa nne tuko getini na boksi letu la zabibu.

Kabla hamjaanza kunirukia: mvua sijailalamikia na sitailalamikia. Kwetu mvua ikishaaga Aprili tunaonana nayo Desemba, mimi ukinikalisha barazani mvua inanyesha baharini na chai ya tangawizi mkononi umenimaliza. Niliifuata hiyo hiyo. Sikutaka muziki wala mashua ya kukodi. Nilitaka kukaa.

Sasa sikieni. Mimi kazi yangu ni fundi alumini, karakana yangu iko Kizota, hapa Dodoma. Nyumba ile upande wa bahari ina mlango mmoja mkubwa wa slaidi, ule unaoonekana kwenye kila picha ukiwa wazi na pazia jeupe linapepea. Ndio uliotuuzia nyumba. Nikaushika kuufungua, haukusogea hata unywele. Nikachuchumaa kuangalia chini: rola zimeganda, reli imejaa mchanga uliochanganyika na kutu, na aliyefunga mlango ule alitumia skrubu za chuma cha kawaida mita chache kutoka kwenye maji ya chumvi. Skrubu zimevimba kutu mpaka zimepasua fremu. Kitasa kimefungwa na waya wa binding, ule wa kufungia nondo. Waya! Namuuliza kijana mlinzi, "Mdogo wangu, huu mlango unafunguliwaje?" Ananijibu, "Haufunguliwi masika, bosi. Tunaufungua wageni wakianza kuja."

Sasa mimi pale nilikuwa nani?

Barazani tukawa tunafika kwa kuzunguka jikoni, tunapita kwenye dimbwi. Sawa, tukazunguka. Maji ya bahari yalikuwa yametoka, yako mbali, mbele yetu matope na majani ya bahari. Hilo nalo si kosa la mtu, bahari inajaa na kutoka mara mbili kwa siku. Lakini wewe unayeuza bahari si ungekuwa unajua saa? Nikamuuliza kijana maji yanajaa saa ngapi. "Yakijaa utayaona." Nusu nicheke. Na katikati ya yale majani, mifuko ya plastiki kwa wingi. Mifuko imepigwa marufuku tangu Juni 2019, ufukwe ule haujapata taarifa.

Mpishi? Yuko likizo, masika. Tukasema hakuna shida, mama watoto anapika. Jiko lipo, mtungi wa gesi mtupu, kujaziwa 15,000. Nikatoa. Mvua ikapungua, akapita mvuvi pale chini na mtungo wa changu wanang'aa, bado mapezi yanacheza. Mama watoto kashaanza kukunja kanga ashuke. Kijana akamfukuza yule mzee wa watu kwa fimbo! Eti ufukwe ni binafsi, na mgeni haruhusiwi kununua chakula nje, anunue kwa jiko la nyumba. Jiko lipi, wakuu? Lile ambalo mpishi wake yuko likizo?

Hapa niliwaka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Sasa huo ufukwe binafsi unatoka wapi? Mvuvi wa Kimbiji alikuwa anapita pale kabla babu yake mwenye nyumba hajaiona Kigamboni. Nikashuka mwenyewe, nikamkimbilia kwenye matope, "Shikamoo mzee, tuwie radhi." Kaniuzia mtungo kwa bei ambayo kwetu Dodoma, Majengo sokoni, hupati hata kichwa. Aliniambia jambo moja nikalishika: wageni wa masika ndio wanaonunua samaki vizuri, wa Desemba wanaleta soseji zao.

Na mchana ule, nikiri, ulikuwa mtamu. Kusi inapuliza, ngalawa moja imelala ubavu, hakuna spika ya jirani wala watoto wa kugombea bembea. Changu wa kukaanga, ndimu, pilipili. Mama watoto alilala barazani mpaka saa kumi, kitu ambacho nyumbani Dodoma hakijawahi kutokea. Ndiyo maana nina hasira hivi. Bidhaa ya masika ipo, nzuri kuliko ya Desemba kwa watu wa aina yetu, na wenye nyumba wanaiuza kama mtumba ulioanguka kwenye mfuko.

Saa kumi na mbili jioni umeme ukakata. Nadhani ni mgao, kumbe LUKU, umeme wa kulipia kabla, imeisha. Kijana: "Mgeni ananunua wake." Tangazo linasema umeme ndani. Nampigia mwenye nyumba, "Kaka, tangazo lako..." ananikatisha, "Ile ilikuwa ya msimu wa wageni, hii ni bei ya masika." Giza linaingia, mbu wameshika doria, nikanunua ya 20,000. Ujumbe wa tokeni ulipoingia nikausoma mara mbili. Uniti chache, na chini yake: kodi ya jengo 6,000.

Mnaelewa kilichotokea? Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia LUKU, kwa nyumba ya kawaida sasa ni 1,500 kwa mwezi, na miezi usiyonunua umeme deni linakusubiri. Jamaa kafunga mita yake miezi minne, kamngoja mgeni wa kwanza wa masika aje amlipie kodi ya serikali. Mimi wa Kizota, ninayepanga, sina hata kiwanja cha kujenga choo, nimelipa kodi ya jengo Kigamboni.

Jumapili asubuhi tunaondoka, ikaja "ada ya usafi" 30,000. Usafi gani, vyombo nimeosha mimi. Kwenye dhamana yangu ya 50,000 wakakata 25,000 kwa sababu "mlango wa slaidi umechezewa". Nilipiga kelele mpaka jirani akatoka. Nina picha za ule waya, za zile skrubu, nimezipiga saa nne na dakika zake asubuhi tulipoingia.

Jumlisheni wenyewe: 120,000, gesi 15,000, LUKU 20,000, usafi 30,000, dhamana 25,000. Ni 210,000. Nimelipa zaidi ya mgeni wa Desemba, ambaye yeye anapata mlango unaofunguka na mpishi. Nikampigia mwenye nyumba kuomba risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, akacheka kwenye simu. Kila siku tunaambiwa ukinunua dai risiti. Nimedai.

Mnaosema "si ungeangalia maoni ya wateja", niliangalia, yote ni ya Julai na Desemba. Na mnaosema masika ndivyo yalivyo, hapana. Punguza bei kwa sababu ya mawingu, hapo tumeelewana. Ukikata umeme na mpishi na mlango, hapo hujapunguza bei, umeuza kitu kingine kwa picha ya kile cha kwanza. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja, Tume ya Ushindani ipo, na malalamiko yangu nimeshayachapa yote pamoja na picha.

Mwenye nyumba, najua unapita humu. Jina lako sijaliweka makusudi. Namba niliyolipia unayo, nataka 25,000 ya dhamana, 20,000 ya umeme na risiti.

Wanasheria na watu wa kodi mliopo, nisaidieni swali moja: ile 6,000 ya kodi ya jengo, kwa kuwa mita ni ya jina lake na hela ni yangu, naidai kwa yeye tu au kuna ofisi inayoweza kunirudishia? Na ujumbe wa tokeni unatosha kuwa ushahidi?