UTI haiumi kabisa na mimba ni wiki 22, dawa ninywe au niache?

MamaKijacho_Uyole:
Habari zenu wadada. Juzi nimeenda kliniki kupima mkojo wakasema nina UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, lakini siumwi kitu, siungui nikikojoa, homa sina. Nimeandikiwa sefaleksini za siku saba. Sasa mama mkwe anasema ni baridi tu ya huku Uyole, dawa kali zitamuumiza mtoto ninywe maji mengi itaisha, halafu jirani kaniletea sipro zake zilizobaki anasema ndo kiboko ya UTI. Bado sijameza chochote, naombeni ushauri.

Mafinga_Mjini:
Kunywa maji tu dada. Mimi mimba ya kwanza waliniambia hivyohivyo, nikapiga maji na madafu na mtoto yupo mzima.

NesiWaZamu:
Hapana jamani, tusimwambie hivyo. Kwa mtu asiye na mimba, bakteria kwenye mkojo bila dalili mara nyingi tunawaacha, lakini mjamzito anatibiwa hata kama haumwi. Homoni za mimba zinalegeza mirija ya mkojo na mfuko wa uzazi unaikandamiza, mkojo unatuama, bakteria wanapanda mpaka kwenye figo, na hasa ya kulia. Wasipotibiwa, kwenye kila wajawazito kumi wawili watatu hivi wanaweza kuishia na maambukizi ya figo, na hapo uchungu unaweza kuanza kabla ya wakati. Maji kunywa, tena kipindi hiki cha baridi watu huku hawanywi kabisa, weka ya vuguvugu kwenye chupa ya chai, ila maji hayachukui nafasi ya dawa.

Sefaleksini iko kundi moja na dawa ambazo wajawazito wanatumia miaka mingi, meza kwa amani isipokuwa kama una aleji na penisilini au dawa za jamii hiyo, hapo rudi useme kwanza. Sipro mrudishie jirani. Hatumpi mjamzito kama kuna nyingine, na doksi (doksisaiklini) usiguse, inaharibu meno na mifupa ya mtoto. Septrini nayo miezi mitatu ya kwanza tunaikwepa kwa sababu inagombana na foliki asidi. Ndo maana duka la dawa ukifika sema una mimba kabla hujasema unaumwa nini, maana tumbo likiwa dogo halafu umevaa sweta na kitenge juu muuzaji hawezi kujua.

LuluWaTukuyu:
Namuunga mkono nesi. Wifi yangu alipewa dozi akaona nafuu akaacha, baada ya muda akaanza kutetemeka usiku tumemfunika mablanketi yote ya nyumba bado anatetemeka, anatapika, mgongo chini ya mbavu hata ukimgusa analia. Alilazwa akawa anachomwa sindano za mshipa. Mtoto alipona nashukuru Mungu ila tuliogopa mno.

MamaKijacho_Uyole:
Ee Mungu, kumbe. Ndaga fijo, asanteni sana. Sasa nikimaliza nitajuaje imeisha na mimi sisikii chochote?

NesiWaZamu:
Kwa kupima tena mdogo wangu, baada ya dozi kama wiki moja au mbili, na waombe wauoteshe mkojo kama maabara yao inaweza, pale ndo inaonekana ni bakteria gani na dawa gani inamuweza, kwa sababu siku hizi amoksilini peke yake wengi haiwashiki. Nawa kwanza, anza kukojoa kidogo chooni ndo ukinge wa katikati, ukikinga wa mwanzo utachanganyika na uchafu wa nje halafu utapewa dawa zisizo zako. Ukisikia homa, kutetemeka, kutapika, maumivu ya ubavu, au tumbo kukaza linaachia linakaza, usisubiri dozi iishe wala pakuche, nenda hospitali usiku huohuo.

MamaKijacho_Uyole:
Sawa dada nesi, nameza ya kwanza sasa hivi na chakula. Mama mkwe namsomea hii nikitoka jikoni.