Naomba ushauri: vilengeo vya bastola kwa matumizi ya usiku (mmiliki mwenye leseni, Dodoma)

Mfanyabiashara wa Kibaigwa

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Mimi ni mfanyabiashara wa mahindi na alizeti hapa Kibaigwa, na makazi yangu yako nje kidogo ya mji, mahali ambapo umeme ukikatika giza linakuwa totoro. Ninamiliki bastola aina ya Glock 19 kwa leseni halali, ninaihifadhi kwenye kasha la chuma lenye kufuli, na nimepata mafunzo ya kulenga shabaha. Mchana sina shida nayo. Shida yangu ni usiku, kwa sababu vilengeo (vile vya mbele na nyuma vya kulengea) vilivyotoka nayo kiwandani ni vya plastiki, cha mbele kikiwa na nukta nyeupe na cha nyuma kikiwa kimezungushiwa mstari mweupe, na jua likishazama weupe huo haunisaidii lolote.

Nimesoma habari za vilengeo vya tritiamu (vinavyong'aa vyenyewe gizani), vya nyuzi za faiba, vya rangi inayohifadhi mwanga, na za lenzi zenye nukta nyekundu, na kila muuzaji anasifia alichonacho. Nina umri wa miaka 54 na ninavaa miwani ya kusomea. Naomba wenye uzoefu mnieleze kipi kinafaa kwa mtu wa hali yangu, na sababu zake.

Mstaafu wa Ihumwa

Ndugu yangu, umeuliza vizuri, na kutaja umri na miwani kumetupunguzia kazi kubwa. Nianze na jambo ambalo wauzaji hawatakuambia: kilengeo kinachong'aa kinakuonyesha bastola yako ilipo, lakini hakikuonyeshi aliye mbele yako ni nani. Nyumbani kwako usiku anaweza kuwa mwizi, anaweza kuwa mlinzi wako, anaweza kuwa kijana wako aliyerudi kwa kuchelewa. Kwa hiyo kabla ya kununua kilengeo chochote, nunua tochi nzuri ya mkononi yenye lumeni (kipimo cha mwanga) mia kadhaa na kitufe cha nyuma kinachobonyezwa kwa kidole gumba, kisha ujifunze kuishika mbali na bastola. Ninasisitiza tochi ya mkononi kwa sababu ile inayofungwa chini ya mtutu inakulazimisha kumwelekezea mtu silaha ili tu umtambue, na hilo mimi silikubali ndani ya nyumba yenye familia.

Ukishakuwa na tochi, utaona kwamba mwanga wake ukigonga ukuta au mtu, vilengeo vyeusi vya kawaida vinaonekana kama kivuli kilichochorwa vizuri. Tritiamu inakufaa katika nafasi iliyobaki katikati, yaani pale ambapo kuna mwanga kidogo wa kumtambua mtu, kama taa ya uani au ya jirani, lakini wewe mwenyewe umesimama gizani na huoni ncha ya bastola yako. Nafasi hiyo ipo kweli, na inatosha kuwa sababu ya kuvinunua.

Fundi wa Kizota

Ninaunga mkono hoja ya Mzee wa Ihumwa, na niongeze upande wa vifaa vyenyewe.

Nyuzi za faiba hukusanya mwanga uliopo na kuutoa kwenye ncha. Chini ya jua letu la Dodoma zinawaka kama kaa la moto, lakini mahali pasipo na mwanga hazina cha kukusanya, kwa hiyo kwa swali lako tuziweke kando. Rangi inayohifadhi mwanga inahitaji kumulikwa kwanza, na nguvu yake hupungua haraka. Bastola iliyolala ndani ya kasha tangu asubuhi itatoka ikiwa imefifia kabisa.

Tritiamu ni tofauti. Ni aina ya haidrojeni yenye mionzi, ambayo hufungwa ndani ya kichupa kidogo cha kioo kilichopakwa unga maalumu kwa ndani, na chembe za mionzi yake, ziitwazo beta, zinapougonga unga huo hutoa mwanga usiku na mchana, bila betri wala kumulikwa. Chembe hizo ni dhaifu mno, haziwezi kupenya kioo wala ngozi, hivyo hatari yake ni ndogo madhali kichupa hakijavunjika. Kasoro yake ni kwamba tritiamu hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 na miezi michache, na mwanga hupungua pamoja nayo. Ukinunua, tazama mwaka wa kutengenezwa, kwa sababu vilengeo vilivyokaa ghalani miaka minane ni vipya kwenye pakiti tu.

Kuhusu rangi, chagua kijani. Jicho lililozoea giza huhisi zaidi mwanga ulio kati ya buluu na kijani, kwa hiyo kichupa cha kijani huonekana chenye nguvu kuliko cha njano au cha machungwa.

Mfanyabiashara wa Kibaigwa

Ninawashukuru sana. Ninachokiona kwa wingi ni seti ya nukta tatu za kijani, moja mbele na mbili nyuma. Je, hiyo ndiyo niichukue?

Mstaafu wa Ihumwa

Hapana, na katika hili nina msimamo mkali. Nukta tatu zinazolingana kwa rangi na ukubwa zinapendeza dukani, lakini gizani huoni umbo la chuma, unaona nukta zinazoelea tu, na mtu aliyeshtuka usingizini anaweza kuipanga nukta ya mbele nje ya zile mbili za nyuma huku akiamini amelenga sawasawa. Chukua kilengeo cha mbele chenye tritiamu, na cha nyuma kiwe cheusi kitupu au kiwe na nukta hafifu za rangi nyingine. Jicho litaifuata nukta moja, na kwa umbali wa chumba au ukumbi hiyo inatosha.

Tena, cha mbele kiwe na duara pana la rangi ya machungwa au njano kuzunguka kichupa. Wakati wa magharibi, giza halijawa la kutosha tritiamu ionekane, wala mwanga hautoshi kuona chuma cheusi, na ni duara hilo linalokuokoa.

Dada wa Miwani, Area D

Mimi ni mtaalamu wa macho kwa kazi yangu, naomba nichangie kwa sababu naona suala la miwani limeguswa kidogo tu, ilhali kwa umri wa ndugu yetu ndilo zito kuliko mengine.

Baada ya miaka 45 hivi lenzi ya jicho hukakamaa na kushindwa kuona vizuri vitu vya karibu. Miwani ya kusomea hupimwa kwa umbali wa takriban sentimita 40, lakini kilengeo cha mbele, mikono ikiwa imenyooshwa, kiko mbali zaidi ya hapo, mara nyingi sentimita 70 au zaidi. Kwa hiyo ukiivaa miwani yako, kilengeo kinabaki na ukungu, na mtu aliye ng'ambo ya chumba anakuwa na ukungu zaidi. Usiku hali inazidi, kwa sababu mboni hutanuka ili kuingiza mwanga, na inapotanuka kila kosa la lenzi linajitokeza. Nenda ukapimwe, mweleze mpimaji umbali wa mkono wako ulionyooshwa, na atakupa namba inayofaa. Ila pia jiulize kama usiku wa manane utapata nafasi ya kuivaa. Ndiyo maana nukta kubwa ya mbele ni bora kuliko ndogo.

Lenzi yenye nukta nyekundu ina faida halisi kwa macho ya umri huu, kwa kuwa unamtazama aliye mbele na nukta inaonekana kwenye umbali huohuo. Lakini mwenye astigimatizimu (jicho lisilo na mviringo sawa) ataiona imetawanyika kama nyota. Itazame kwa kamera ya simu: ikiwa mviringo kwenye simu na imetawanyika machoni, tatizo ni jicho.

Fundi wa Kizota

Dada yangu amesema kweli kuhusu lenzi hizo. Mimi ningesita kwa sababu mbili. Glock 19 ya kawaida haina nafasi ya kuifunga lenzi, mpaka slaidi (sehemu ya juu ya bastola inayoteleza) ichongwe; toleo la MOS ndilo hutoka kiwandani likiwa tayari. Pili ni vumbi letu, hasa upepo wa Julai na Agosti, kwa kuwa kwenye lenzi za wazi punje ikitua juu ya taa ndogo ya ndani, nukta huharibika au hupotea.

Wakili wa Uhindini

Niongeze machache ya kisheria. Silaha yako iko chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, kwa hiyo kabla ya kubadilisha chochote, hata kilengeo, uliza kwa mamlaka iliyokupa leseni na utumie fundi mwenye kibali. Tritiamu ni chanzo cha mionzi, na uingizaji wa vyanzo hivyo nchini unasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania. Usiagize kimyakimya kwa posta. Na haki ya kujilinda katika kifungu cha 18 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina mipaka ya nguvu inayostahili, jambo linaloipa uzito hoja ya kumtambua mtu kwanza.

Mfanyabiashara wa Kibaigwa

Nimeelewa. Nitaanza na tochi na kipimo cha macho, kisha nitaulizia kibali cha kilengeo cha mbele cha kijani chenye duara la machungwa, na cha nyuma cheusi. Je, baada ya kufungwa, risasi zitaendelea kupiga palepale?

Fundi wa Kizota

Si lazima, ndugu yangu. Kwenye bastola yako vilengeo viwili vimetengana kwa takriban milimita 150, kwa hiyo tofauti ya urefu ya milimita 1 tu inahamisha risasi karibu sentimita 5 kwa umbali wa mita 7. Nunua vyote viwili kama seti, usichanganye watengenezaji. Cha mbele hushikwa na skrubu ndogo kutoka chini ya slaidi, na cha nyuma husukumwa kwa kifaa chake maalumu, kamwe kisigongwe kwa nyundo, maana kichupa hupasuka. Kisha nenda kwenye uwanja ulioidhinishwa, upige mchana kwanza ukiwa umeegemeza mikono. Risasi zikienda kulia, fundi asogeze cha nyuma kushoto. Zikienda juu, unahitaji cha mbele kirefu zaidi.