Naomba ushauri: maboksi ya NME na Melody Maker za miaka ya 90

Wakuu, habari zenu. Naishi Leeds, na mzee mwenye nyumba kanipa maboksi ya NME na Melody Maker, yale magazeti ya muziki ya Uingereza, za miaka ya 90. Limo lile toleo la Melody Maker la Aprili 1992 lililowaita Suede bendi mpya bora Uingereza, kabla hawajatoa hata singo moja! Vita ya bendi za Blur na Oasis kugombea namba moja kwenye chati, Agosti 1995, nayo imo (kwangu mimi bendi ya Pulp iliwazidi wote). Shida ni karatasi: imegeuka njano, inakatika kwenye mikunjo. Melody Maker lilishamezwa na NME mwaka 2000, kwa hiyo kuyatupa naona dhambi. Wenye uzoefu, niyaskani kwanza, niwauzie wakusanyaji, au maktaba watayapokea? Chumba chenyewe kidogo, na mke ameshaanza kununa.