Baiskeli ya changarawe Pfälzerwald: Hinterweidenthal, Dahn, Fleckenstein na kurudi kwa siku moja. Nibadilishe nini?

Sproketi40
Wakuu salaam. Nataka kuzunguka kusini mwa msitu wa Pfälzerwald, Ujerumani, mwezi wa tano. Mzunguko wenyewe: Hinterweidenthal, Dahn, ngome ya Altdahn, Busenberg (ngome ya Drachenfels), Erlenbach (ngome ya Berwartstein), Nothweiler, navuka mpaka kwenda ngome ya Fleckenstein upande wa Ufaransa, halafu Hirschthal, Schönau, Rumbach, Bundenthal na kurudi stesheni. Kama km 65.
Baiskeli: sproketi moja ya mbele meno 40, kaseti (sproketi za nyuma) meno 11–42, tairi mm 40 zenye tyubu, breki za diski. Mimi na mizigo ni kilo 84, baiskeli kilo 10.
Maswali: gia zinatosha? Upepo kiasi gani kwenye tairi? Na programu ya ramani inanipitisha karibu na miamba yote, niiamini?

MtuWaKaseti
Mkuu, km 65 zisikudanganye. Milima ya huko si mirefu, hata kilele kikubwa kuliko vyote, Kalmit, ni mita 673 tu na hakipo kwenye njia yako. Taabu ni kwamba unapanda mita 150, unashuka zote, unaanza upya. Hesabu mita 18 za kupanda kwa kila km, yaani 1,100 hadi 1,200 kwa siku.

Gia: meno 40 mbele kwa 42 nyuma ni karibu uwiano wa 1 kwa 1. Kwa gurudumu lenye mzingo wa mita 2.2, ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika unakwenda km 7.5 kwa saa. Kwenye mwinuko wa asilimia 14, kwa kilo zako 94 jumla, hiyo ni wati 300 hivi. Dakika tatu utamudu. Mara ya sita ndani ya siku moja, juu ya kokoto zinazoteleza, huwezi. Ukisimama juu ya pedeli tairi ya nyuma inazunguka bure, kwa hiyo lazima upande umekaa, na kupanda umekaa kunataka gia nyepesi.
Weka sproketi ya meno 36. Wati zinapungua kwa asilimia 10, na gharama ni sproketi moja tu. Mnyororo punguza pingili mbili (moja ya nje, moja ya ndani). Usipopunguza, ukiwa kwenye sproketi ya nyuma ya meno 11 unalegea na kupiga fremu kila ukigonga jiwe.

Bi Pampu
Nianze na upepo, maana wengi wanaharibu siku hapo. Msitu huo umekaa juu ya jiwe la mchanga, lile jekundu lililotumika kujengea ngome zenyewe. Linasagika. Kwa hiyo barabara moja ina sura tatu: juu kokoto zenye ncha zilizomwagwa kwa ajili ya malori ya magogo, katikati udongo mgumu mzuri, chini kwenye kona mchanga mtupu ulioletwa na maji ya mvua. Upepo unaofaa kwenye kokoto haufai kwenye mchanga. Unatafuta kati.

Kwa mm 40 zenye tyubu na uzito wako: mbele bar 2.6, nyuma 2.9. Ukishuka chini ya hapo tyubu inabanwa kati ya jiwe na rimu, unapata matundu mawili sambamba. Na mahali inapotokea ni palepale siku zote: kwenye mifereji inayokatisha barabara ili maji yasiichimbe. Ukiwa unashuka km 35 kwa saa chini ya kivuli cha miti huioni mpaka umefika. Inua gurudumu la mbele, usifunge breki juu yake.

Kama fremu inaruhusu, weka mm 45 bila tyubu: bar 2.0 mbele, 2.3 nyuma, maji ya kuzibia ml 60 kila tairi. Yakipita miezi minne fungua uangalie, yanakauka na kubaki utando tu. Bado beba tyubu moja, vijiti vya kuzibia tundu, na kipande cha plastiki nene cha kuweka ndani tairi ikichanika ubavuni. Kokoto za huko zinachana ubavu, na maji hayazibi mchano wa sentimita moja.

Kwenye mchanga: gia ya kati, uzito nyuma, mikono ilegee, kanyaga bila kukatisha. Usipige kona ukiwa ndani, na breki ya mbele isahau kabisa.

Ramani_Mkononi
Programu usiiamini kwa macho yaliyofumba. Sheria ya misitu ya Rheinland-Pfalz, jimbo lenye msitu huo, inaruhusu baiskeli kwenye barabara na njia za msitu. Kijia cha waenda kwa miguu hakihesabiwi humo. Programu nyingi zinatumia data ya OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, na ndani yake njia imeandikwa ama «track» (barabara ya msitu) ama «path» (kijia). Fungua ramani, gusa kila kipande kinachopita chini ya mwamba. Kikiwa «path», hamisha mstari. Ukiwa «track», angalia daraja: 1 hadi 3 ni sawa kwako, 4 ni ya kubahatisha, 5 ni nyasi na makorongo ya magurudumu ya trekta.

Alama za rangi kwenye miti usizifuate ovyo pia, nyingi ni za watembea kwa miguu. Upande wa Ufaransa ile ya mstatili mwekundu ni GR 53, njia ndefu ya watembea kwa miguu, nayo ina mizizi na ngazi.

Ukikuta utepe mwekundu na mweupe, wanakata miti. Usipenye hata kama ni Jumapili na kimya. Mti ulionasa juu ya mwenzake hauangalii kalenda.

MtuWaKaseti
Naongezea breki, nilisahau. Mchanga huo ukilowa unakuwa msasa. Pedi laini za resini zinaweza kwisha kabla ya safari ya pili. Pima kabla ya kwenda: zikibaki na mm 0.5 ya nyama, badilisha. Pedi za chuma hudumu zaidi, ila kwanza soma maandishi kwenye diski, nyingine zinakubali resini tu. Pedi mpya zizoeshe: fika km 25 kwa saa, funga taratibu karibu usimame, rudia mara 20. Usiende kuzizoesha kwenye mteremko wa kwanza.

Sproketi40
Asanteni sana. Nimeagiza ya 36. Na ngome zenyewe, unafika nazo kwa baiskeli au unaacha chini?

Bi Pampu
Unaacha chini. Ngome hizo zimekaa juu ya mwamba, nyingine zimechongwa ndani yake. Fleckenstein ina ngazi zilizokatwa ndani ya jiwe, Drachenfels ndiyo usiseme. Kwa hiyo kufuli ni mzigo halali, na viatu ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: soli ya plastiki ngumu yenye chuma cha kunasia pedeli inateleza kwenye ngazi hizo kama sabuni, hasa zikiwa na ukungu. Chukua viatu vya mpira ambavyo chuma kimezama ndani.
Usipange ngome zote. Altdahn (ni ngome tatu zimepangana juu ya mgongo mmoja wa mlima) na Fleckenstein zinatosha, saa moja na nusu kila moja. Ngome ya Wegelnburg, mita 572, iko pale juu mpakani na itakutamanisha, lakini kipande cha mwisho ni cha miguu.

Ramani_Mkononi
Mtandao wa simu mabondeni ni wa kukatika. Pakua ramani kabla. Njiani utaona vibao vya uokoaji vyenye namba. Ukivipita vipige picha. Ukipiga 112 unawatajia namba tu na wanajua ulipo.

Maji: lita mbili kuanzia Dahn, usitegemee chemchemi. Ikiandikwa «Kein Trinkwasser» hayanywewi. Vibanda vya chama cha Pfälzerwald-Verein vina chakula kizuri, ila vingi hufunguliwa wikendi tu, na beba pesa taslimu. Glasi yao ya divai iliyochanganywa na maji ya gesi ni nusu lita. Hiyo iache mpaka urudi stesheni.

Treni inayoingia Dahn kwenyewe ni ya msimu na ya siku chache za wiki. Hinterweidenthal uliyochagua ni sahihi, na ukichoka Bundenthal, njia ya baiskeli ya bonde la Lauter inakurudisha bila mlima wa maana, kama km 15.