Mrejesho: ile fleti ya Kileleshwa, Nairobi

Wadau, niliuliza kama naweza kumtajia shilingi milioni 11 mwenye fleti anayetaka 14 bila kufukuzwa. Hakunifukuza, ila alinuna wiki nzima. Kilichomlegeza ni ripoti ya mthamini wa benki: milioni 11.8. Benki inapigia mkopo hesabu kwa thamani hiyo, si kwa bei ya tangazo, hata muuzaji aape. Na tangazo lenyewe limening'inia tangu mwaka jana, watu wanachungulia na kwenda zao. (Wakala alininong'oneza kwamba ile 14 ilikuwa ya kupimia upepo. Sikushangaa.) Tumekubaliana 12. Aliyenikumbusha ushuru wa stempu (kodi ambayo mnunuzi hulipa serikali umiliki unapohamishwa), asilimia 4 ya bei, asante sana: hizo ni 480,000 juu yangu. Sasa tunasubiri mawakili.